Kisahani cha meza ya bendisoo: kukipima, kukitengeneza na kukikalisha

Pale bledi ya bendisoo (msumeno wa mkanda) inapozama mezani pana kisahani kidogo, mara nyingi cha duara, chenye mkato upande mmoja wa kupitisha bledi. Katika karakana nyingi kuanzia Mwanjelwa hadi Mafinga, kisahani hicho kimeliwa mpaka tundu lake linaingiza kidole, au hakipo kabisa na mahali pake pamezibwa na kipande cha bati. Mashine inaendelea kukata, kwa hiyo hakuna anayeshughulika. Kumbe lawama nyingi zinazotupiwa bledi, kama mbao kuchanika upande wa chini, fito nyembamba kupotelea ndani ya mashine au bledi kuruka kwenye magurudumu, zinaanzia hapo.

Jino la bendisoo linakata likishuka. Linapotoka upande wa chini wa ubao, nyuzi za mwisho zinahitaji kitu cha kuegemea. Zikikipata, zinakatwa. Zikikuta uwazi wa milimita 8 au 10, zinainama na kung'oka, na fundi anabaki na msasa mkononi akirekebisha kingo ambazo zingetoka safi zenyewe. Mbao za mpaina za Sao Hill zinaonyesha jambo hili haraka kuliko mninga, kwa sababu nyuzi zake ni laini na zinang'oka kirahisi. Halafu kuna vipande vyembamba: ufito wa milimita 4 ukidumbukia kwenye uwazi, bledi inauvuta chini, unabanwa kati ya bledi na chuma cha meza, na hapo ama bledi inatoka kwenye gurudumu ama inakatika.

Kwanza tafuta aliyekila

Usitengeneze kipya kabla hujajua cha zamani kiliharibiwa na nini, maana kipya kitaliwa vilevile ndani ya wiki. Kitoe, kipanguse, ukitazame kwenye mwanga.

Kikiwa kimeliwa upande mmoja tu, kushoto au kulia, ama meza imesogea ama bledi inayumba. Chomoa plagi, inua vishikizo vya juu vya bledi, kaza bledi kama unavyokaza wakati wa kazi, kisha pima umbali kutoka bledi hadi ukingo wa tundu la meza, kila upande. Tofauti ikizidi milimita 1, legeza bolti zinazoshika meza kwa chini, sogeza meza, kaza, pima tena. Baada ya hapo weka guni mezani uhakikishe bledi imesimama nyuzi 90, kwa sababu ukisogeza meza pembe nayo huhama.

Vishikizo vya pembeni viwe karibu na bledi kwa unene wa karatasi moja kila upande, yaani kama milimita 0.1, na vikae nyuma ya mabonde ya meno. Vikigusa meno, vinayalaza. Beringi ya nyuma iachwe nusu milimita hivi: isizunguke mashine inapozunguka bure, ianze kuzunguka ubao unapoisukuma bledi. Hata bledi iliyochoka upande mmoja wa meno hutembea kuelekea upande wenye makali, na hakuna kisahani kitakachoizuia.

Kikiwa kimeyeyuka au kimeungua kingo za mkato, utomvu ndio uliogandia humo ukaleta joto. Hilo tutalirudia.

Kupima: kina ndicho kigumu

Wengi wanahangaika na kipenyo na kusahau kina. Kipenyo kikipungua kwa nusu milimita, kisahani kitacheza kidogo na tepu kidogo itakitibu. Kina kikikosewa kwa nusu milimita, kila ubao utakwama ukingoni.

Anza kwa kusafisha tundu. Ndani yake kuna kikalio, yaani ngazi nyembamba ambayo kisahani hukalia. Kwenye mashine inayokata mpaina, kikalio hicho huwa kimefunikwa na gamba la kahawia la utomvu na unga wa mbao lililokandamizwa mpaka likawa kama sehemu ya chuma. Loweka kwa kitambaa chenye mafuta ya taa dakika kumi, kisha kwangua kwa patasi kuukuu mpaka uone chuma kinachong'aa mduara mzima. Gamba hilo linaweza kufika nusu milimita au zaidi. Ukipima juu yake, vipimo vyako vyote ni vya uongo. Futa mafuta ya taa yakauke kabisa kabla ya kuwasha chochote.

Sasa pima kipenyo mara mbili, mbele-nyuma na kushoto-kulia. Mashine nyingi za inchi 14 zina tundu la karibu inchi mbili na nusu, yaani milimita 63 na nusu, lakini si zote, kwa hiyo usinunue wala kukata kwa kukisia. Pima pia kipenyo cha uwazi ulio ndani ya kikalio, utakihitaji baadaye. Kisha chukua vernia (kipimo cha chuma cha kutelezesha), laza rula ya chuma juu ya tundu, na kwa ule mkia wa vernia pima kutoka juu ya rula hadi kwenye kikalio, sehemu nne: mbele, nyuma, kushoto na kulia. Toa unene wa rula. Andika namba zote nne.

Kama huna vernia, kata vipande vya kadi ngumu, virundike juu ya kikalio kimoja juu ya kingine mpaka rula ipite juu yake bila kuinuka na bila kuacha mwanga. Rundo hilo ndilo kina chako. Lifunge na uzi uende nalo dukani ukalinganishe na ubao.

Vipimo vingine viwili vya mwisho: kutoka ukingo wa nyuma wa tundu hadi ncha za meno ya bledi, na kutoka ubavu wa bledi hadi ukingo wa tundu kushoto na kulia. Vichukue bledi ikiwa imekazwa. Ikiwa imelegea, haiko mahali pake pa kazi.

Uchague nini

Chuma cha pua na bati, hapana. Siku bledi itakapoyumba ikagusa, meno yanakwisha papo hapo, na cheche zinaingia kwenye rundo la unga wa mbao lililo chini ya meza. Karakana za mbao huanza kuungua hivyo.

Aluminiamu inafaa, kwa kuwa ni laini kuliko meno, na viwanda vingi huitumia. Ila inahitaji mtu mwenye mashine ya kerezo. Eneo la SIDO (shirika la viwanda vidogo) Mbeya si vigumu kumpata wa kukereza kisahani. Mpe kipenyo pungufu kwa milimita 0.3 na unene sawa na kina kidogo kabisa kati ya vile vinne.

Plastiki nyeupe ya vibao vya kukatia nyama ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Hainywi maji, haichakai upesi, na bledi haiumii. Ubaya wake ni miwili: gundi haiishiki, na ikiwa nyembamba inapinda. Plastiki ngumu inayoonekana kama kioo inavutia macho, lakini aina inayovunjika kama kioo hupasuka kuanzia kwenye mkato, na ikipata joto huyeyuka ikagandia bledi. Tungeiacha.

Mbao ngumu kama mninga inafaa kwa sababu inacheza kidogo kwa unyevu. Weka nyuzi zake zikatize mkato, yaani mkato ukienda mbele-nyuma, nyuzi ziende kushoto-kulia. Ukilaza mkato sambamba na nyuzi, kisahani kitapasuka vipande viwili siku ya kwanza ukikibana.

Kwa fundi wa kawaida chaguo letu ni plaiwudi ya milimita 3, vipande viwili vilivyogundishwa. Kipande kimoja peke yake kinapinda katikati na hakifai. Viwili, kimoja kikubwa cha juu na kimoja kidogo cha chini kinachozama ndani ya kikalio, vinakuwa vigumu na vinajiweka katikati vyenyewe. Maelezo yanayofuata ni ya aina hii, ila hatua zake ni zilezile kwa kila kifaa.

Kukata duara

Utahitaji plaiwudi ya milimita 3 kiasi cha viganja viwili, gundi ya mbao, tepu ya kugandisha pande mbili, msumari wa milimita 2, ubao wa plaiwudi wa milimita 12 wenye upande wa sentimita 30, klampu mbili, tupa, na msasa namba 120 na 180. Bledi iwe ya robo inchi. Hili si la hiari: bledi ya robo inaweza kuzunguka duara lenye nusu kipenyo cha milimita 16 hivi, lakini ya nusu inchi inahitaji kama milimita 64. Kisahani chako kina nusu kipenyo cha milimita 32, kwa hiyo bledi pana itaungua ubavuni na kutoka nje ya mstari.

Gundisha kwanza vipande viwili vya plaiwudi? Hapana. Vikate tofauti, vigundishwe baadaye, la sivyo hutapata ile ngazi ya chini.

Tuseme tundu lako ni milimita 63.5 na uwazi wa ndani ya kikalio ni milimita 55. Kisahani cha juu kitakuwa milimita 63, cha chini milimita 54. Kata mraba wa plaiwudi wenye upande wa milimita 64, na mwingine wa milimita 55. Katikati ya kila mraba, upande wa chini, toboa kwa drili tundu dogo la kina cha milimita 2, lisitokeze juu.

Ubao wa milimita 12 usukume kwenye bledi mpaka meno yafike katikati yake, zima, ufunge na klampu mezani. Kwenye usawa wa ncha za meno, chora mstari kwenda kulia ukiwa mraba na bledi. Pima milimita 32 kutoka ubavu wa bledi kwenye mstari huo na piga msumari. Kata kichwa chake kibaki kimetokeza milimita moja na nusu tu. Kwa kuwa mraba wako una milimita 64, ukiukalisha juu ya msumari, katikati ya upande wake panaligusa jino bila kukatwa. Hapo ndipo pa kuanzia: washa, uzungushe polepole mduara mzima, zima.

Kipande hiki ni kidogo kuliko kiganja, na vidole viko sentimita chache kutoka kwenye meno. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, gandisha juu yake kibao cha kushikia chenye urefu wa sentimita 15 kwa tepu ya pande mbili, na ushike kibao hicho. Shusha vishikizo vya juu hadi viwe milimita 5 juu ya kibao. Kwa plastiki tepu haitashika. Ichore duara mwishoni mwa kipande kirefu cha sentimita 30, ukate kwa mkono nje ya mstari kwa milimita moja, na urefu uliobaki ndio mpini wako.

Kwa kisahani kidogo hamisha msumari hadi milimita 27 na nusu kutoka kwenye bledi.

Wapo wanaotumia msumeno wa tundu wa kwenye drili ili wapate duara haraka. Duara linapatikana, ila na tundu la milimita 6 katikati, palepale ambapo ubao unahitaji kuegemea. Kazi yote inakuwa bure.

Sasa punguza kwa tupa na msasa ukijaribisha kila mara. Kisahani cha juu kiingie kwa kusukumwa na kidole gumba, kisihitaji nyundo. Bledi bado iko ndani ya tundu, hivyo huwezi kujaribisha mezani. Ama itoe bledi sasa, ama linganisha na kisahani cha zamani kama kipenyo chake kilikuwa sawa. Kutoa bledi kunachukua dakika tano, na tungeitoa.

Kikishaingia, gundisha kidogo chini ya kikubwa, nyuzi zao zikatizane, vikiwa vimeelekezwa katikati kwa kutumia vile vitundu vya msumari. Acha vishikane kwenye klampu usiku kucha. Juni na Julai Mbeya au Njombe gundi ya mbao inachelewa kwa baridi, usiharakishe.

Mkato

Mkato unakatwa na bledi ileile itakayotumika, ndipo uwazi unakuwa sawa na njia ya bledi, kama milimita moja, bila nafasi ya ziada. Chukua kibebeo: plaiwudi ya milimita 6, upana sentimita 10, urefu sentimita 30. Kipande cha chini cha kisahani kinachomoza, kwa hiyo kigandishe kisahani kifudifudi, uso wa juu ukiwa umelala kwenye kibebeo, karibu na mwisho wa mbele. Rudisha kisahani cha zamani mezani ili kibebeo kipite juu yake bila kutumbukia.

Tumia vile vipimo vya kushoto na kulia. Kama ni milimita 31 kushoto na 31.6 kulia, mkato hauko katikati kamili, umeenda kushoto kwa milimita 0.3, na kwa kuwa kisahani kimelala kifudifudi, hesabu kwamba pande zinageuka. Hapa ndipo wengi hukosea. Andika herufi K na L kwa penseli upande wa chini wa kisahani, kikiwa kimeshikwa kama kitakavyokaa mezani, kabla ya kukigeuza.

Kama kutoka ukingo wa nyuma wa tundu hadi ncha za meno ni milimita 38, kata hadi 39. Ile milimita ya ziada ni nafasi ya meno, isiyagandamize. Weka alama kwenye kibebeo, funga reli ya pembeni, washa, sukuma taratibu mpaka alama. Zima. Subiri gurudumu lisimame kabisa ndipo uvute kurudi nyuma. Ukivuta bledi ikizunguka, unaivuta itoke kwenye magurudumu.

Kwa kuwa kisahani kilisukumwa kuelekea kwenye meno, mdomo wa mkato uko nyuma na sehemu ya mbele ya meno imebaki nzima. Ndivyo inavyotakiwa. Pia mkato wa kisahani hauangaliani na mkato wa meza, hivyo ufito hauna njia ya kuteleza.

Kukikalisha

Chomoa plagi. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Swichi inaweza kuguswa kwa bahati mbaya, na umeme ukikatika na kurudi, mashine yenye swichi ya kawaida iliyoachwa imewashwa huwaka yenyewe. Inua vishikizo vya juu, kishike kisahani mbele ya bledi juu kidogo ya meza, kisukume nyuma bledi iingie kwenye mkato, kishushe.

Telezesha ukucha kutoka mezani kuingia kwenye kisahani, ukianzia mbele. Ukucha ukikwama, kisahani kiko juu na ubao utakwama vilevile. Endelea hadi nyuma, kutoka kwenye kisahani kwenda mezani: ukikwama huko, kisahani kiko chini. Kiwe sawasawa na meza. Kikikosea, mbele kishuke kwa unene wa karatasi, nyuma kisishuke hata kidogo. Kilicho juu kipunguze kwa msasa uliolazwa kwenye kioo. Kilicho chini kiinue kwa vipande vya tepu ya karatasi ya wapaka rangi upande wa chini ukingoni. Tabaka moja ni kama sehemu ya kumi ya milimita.

Zungusha gurudumu la juu kwa mkono mizunguko mitatu kamili, ili hata kiungo cha bledi kipite. Sikiliza. Mkwaruzo mmoja kila bledi inapomaliza mzunguko wake ni kiungo kinachogusa. Mkwaruzo usiokoma ni mkato uliokaa vibaya. Angalia chini pia: kile kisahani kidogo kisiguse vishikizo vya chini. Kikigusa, kipunguze unene. Ndipo urudishe plagi, usimame mbali na usawa wa bledi, na uwashe.

Mambo yatakayokusumbua

Meza ikilazwa nyuzi 45, kisahani hiki hakitumiki. Bledi inapita kwenye unene wake kwa mshazari, na kwa kisahani cha milimita 6 mkato unahitaji upana wa milimita 7 na ushee badala ya moja. Tengeneza cha pili kwa ajili hiyo, na usikate kile cha kwanza. Vilevile bledi pana ya milimita 20 meno yake hukaa mbele zaidi ya bledi ya robo, kwa hiyo kila upana una kisahani chake. Andika chini yake kwa kalamu ya wino: "robo, nyuzi 90".

Mpaina mbichi unaleta shida ya utomvu. Uwazi ukibana, unga haushuki. Unagandia mkatoni, unapata joto, na kisahani kinaanza kunuka moshi. Kwa kazi hiyo toboa vitundu vitatu au vinne vya milimita 5 kwenye kisahani, pembeni mwa bledi na si mbele ya meno, unga ushukie humo. Mwisho wa siku chomoa plagi na ufute mkato kwa mafuta ya taa.

Mvua zikianza Novemba, kisahani cha mbao huvimba, na Tukuyu huvimba kuliko Iringa mjini. Kikigoma kutoka, usikibandue kwa bisibisi juu ya bledi iliyokazwa. Sukuma kutoka chini kwa kijiti, kisha ukwaruze ukingo kwa msasa mara mbili tatu. Ukikipaka vanishi pande zote, pamoja na ndani ya mkato, hakitavimba sana. Kinachocheza wakati wa kiangazi kizungushie tepu ukingoni.